Uso wa Chiriku

"Mashine imesema mdogo wangu yu hai, na mimi nashukuru," alisema yule dada. "Lakini mashine haijawahi kulala chumba kimoja na Chiriku. Mimi nimelala naye. Hata usingizini alikuwa anaongea."

Inspekta alivuta kiti karibu na meza. Jalada lililokuwa mbele yake lilikuwa limeshafungwa, na mkuu wa kituo alikuwa ameandika juu yake kwa mkono wake: mtu mzima, ameonekana, hana shida. Picha mbili zilikuwa zimebanwa kwenye kona. Moja ilikuwa ya kitambulisho, ya pili ilikatwa kutoka kwenye video ya simu. Chini yake mfumo wa kutambua nyuso ulikuwa umetoa jibu lake kwa neno moja: YULEYULE.

"Chiriku ni jina la nyumbani?"

"La kila mahali. Alipewa na mwalimu wake wa darasa la kwanza, kwa ajili ya mdomo. Mama akalipenda, likabaki."

"Na sasa haongei."

"Kila asubuhi anamtumia mama video. 'Mama, nimeamka salama. Dawa umemeza?' Basi. Tena kwa kunong'ona, eti koo linamuuma. Koo gani hilo haliponi? Nikimpigia hapokei. Nikimwandikia ananijibu kwa adabu." Dada alicheka, macho yake yakabaki vilevile. "Afande, Chiriku hajanijibu kwa adabu tangu azaliwe."

Inspekta hakucheka. Alifungua jalada.

"Kwa nini umerudi leo, si wiki iliyopita?"

"Kwa sababu leo ni Jumatano. Ijumaa asubuhi mama anapasuliwa moyo. Daktari bingwa amekuja kutoka mbali, akimaliza wagonjwa wake anaondoka. Na mama amesema haingii chumba cha upasuaji mpaka Chiriku aje amshike mkono. Hataki video, anataka mkono. Mimi nimembembeleza, daktari amembembeleza. Anatujibu, 'Niliyemzaa ana miguu. Aje.'"

"Asipokuja?"

"Mama hapasuliwi. Na daktari ameniambia moyo ule hautafika mvua zijazo."

Inspekta alilichukua jalada, akalitia kwapani na kusimama.

"Ahsante kwa kuniambia habari ya adabu," alisema. "Hiyo haimo humu ndani."

*

Mtaalamu wa mfumo alikuwa na chumba chenye kiyoyozi, na kwa sababu hiyo kila askari kituoni alikuwa na neno la kumsema. Alizibandika picha zote mbili kwenye skrini kubwa, akaketi huku akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Inapima umbali wa macho, urefu wa pua, kona za mdomo, mfupa wa shavu," alisema. "Ukibadili nywele haidanganyiki. Ukinenepa kidogo haidanganyiki."

"Na filta?"

"Hizi za kulainisha ngozi? Haziisumbui. Mtandaoni kila mtu ana ngozi ya yai siku hizi. Hata mkuu."

"Mkuu yupi?"

"Hujaona picha yake ya kupandishwa cheo? Kipara kinang'aa kama kimezaliwa jana."

"Nitamwambia umesema."

"Mwambie nimekisifu."

Inspekta alisogea karibu na skrini. Kwenye kitambulisho, Chiriku alikuwa na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Aliomba selfi za zamani, zile za kabla ya koo kuuma. Mtaalamu akazifungua moja baada ya nyingine: Chiriku anacheka, Chiriku katoa ulimi, Chiriku na kikombe cha chai.

"Hapa kidoa kiko chini ya jicho la kulia," alisema Inspekta.

"Kamera ya mbele ya simu yake inageuza kila kitu, kama kioo. Tazama kalenda hapo ukutani, tarakimu zote zimegeuka."

"Sawa. Kidoa kimegeuka, kalenda imegeuka. Nionyeshe video ya wiki iliyopita."

Ikaonekana sura ileile, laini, imetulia. Nyuma yake palikuwa na kabati la chuma lililoandikwa kwa rangi nyekundu: SHUKA SAFI – WADI YA WATOTO.

"Soma maandishi ya kabati."

Mtaalamu aliyasoma.

"Umeyasoma bila shida," alisema Inspekta. "Hayakugeuka. Sasa kidoa kiko wapi?"

Mtaalamu aliacha kutafuna. Alisogeza kiti mbele, akatazama, akarudi kwenye kitambulisho, akatazama tena.

"Kulia," alisema. "Kabati limekaa sawa, uso umegeuka peke yake."

"Jambo ambalo haliwezekani."

"Linawezekana kama uso umebandikwa. Kuna filta za hivyo. Unachukua selfi ya mtu, unaitengeneza kama barakoa, anayetaka anaivaa. Akifumba macho nayo inafumba. Akitabasamu inatabasamu." Alijikuna shingo. "Inspekta, mashine haikukosea, unajua? Tuliiuliza uso huu ni wa nani, ikatujibu. Hakuna aliyeiuliza ndani yake yuko nani."

"Sikulaumu. Irudishe nyuma, taratibu."

Yule mtu kwenye video alinong'ona salamu yake. Kisha akainua mkono kufuta jasho la paji la uso, na kwa nukta moja ile sura ikakosa pa kukaa. Kidevu kikateleza kando, kikaonekana kidevu kingine, kipana zaidi. Halafu sura ikarudi mahali pake.

"Simamisha. Si uso, acha uso. Mkono."

Juu kidogo ya kifundo, ndani ya mkono, palikuwa na kovu la moto. Lilikuwa refu na limenyooka upande mmoja kana kwamba limepigiwa rula.

"Nitolee picha ya huo mkono," alisema Inspekta. "Na ahsante. Kweli kabisa."

Mtaalamu alitazama huku na huku. Katika chumba kile hakuzoea kuambiwa neno hilo.

*

Dada alikuwa amemtajia Inspekta mtu mmoja tu mwenye ujuzi wa simu na sababu ya kumchezea Chiriku. Huyo alikuwa mchumba wake wa zamani, fundi simu, aliyeachwa kabla ya Chiriku kuhamia mji wa pili kutafuta kazi. Inspekta alimkuta nyuma ya meza ya kioo, ameinamia simu iliyopasuliwa, skurubu zake amezipanga kwenye vifuniko vya soda.

"Nilikuwa nawangoja," fundi alisema alipoona kitambulisho cha polisi. "Ila nilidhani mtakuja kwa habari ya simu za wizi."

"Unazo?"

"Sina, afande. Ndiyo maana nilikuwa nawangoja bila wasiwasi."

"Kunja mikono ya shati."

Alikunja. Mikono yake ilikuwa na madoa madogo madogo ya waya wa kuchomelea. Kovu refu halikuwepo. Inspekta aliweka picha mbili juu ya kioo, selfi ya kikombe cha chai na uso wa kwenye video.

"Nani aliyetengeneza barakoa hii?"

Fundi hakuzungusha maneno. "Mimi. Ilikuwa sikukuu yake ya kuzaliwa. Alisema amechoka kufanya kazi ya watu wawili pale dobini alikokuwa akikunja shuka, kwa hiyo anataka watu wote wawe yeye. Nikatumia hii selfi kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Akawagawia wenzake. Siku hiyo, afande, kila mwanamke wa dobi alikuwa na uso wa Chiriku. Msimamizi wao ana ndevu hizi hapa, naye akavaa. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

"Wewe unayo bado?"

"Niliifuta. Ungefungua simu kila asubuhi ukutane na uso wa aliyekuacha?" Alishika bisibisi, akaiweka tena. "Lakini sikumchukia. Aliponiacha aliniambia ahsante. Akahesabu mambo yote mazuri niliyomfanyia, moja moja, mpaka chai ikapoa. Mtu gani anaachana na mtu kwa ahsante?"

"Hukuwasiliana naye tena?"

"Nilimwandikia mara moja. Akanijibu mstari mmoja, 'Nakutakia heri.' Nikajua amebadilika." Alimtazama Inspekta usoni. "Yuko salama?"

"Hiyo barakoa ilifika kwa watu wa dobi tu?"

"Hao tu. Hujanijibu."

"Najua," alisema Inspekta. "Nikipata jibu, nitakuja mwenyewe kukwambia. Sitakutumia ujumbe."

*

Dobi lilikuwa jengo refu lisilo na dari, lenye mashine za kufulia upande mmoja na meza za kukunjia upande wa pili. Katikati ilisimama pasi kubwa ya mvuke, yenye mdomo mpana wa chuma. Msimamizi mwenye ndevu alimpeleka Inspekta pembeni ili wasikilizane.

"Chiriku? Ah, yule mtoto! Alikuwa anakunja shuka huku anasimulia. Ukimnyamazisha, kazi inapungua kasi. Alikuwa na mwenzake, Mpiga Pasi, mwanamke mkimya. Walikuwa chanda na pete. Kazi ilipopungua hapa wakaondoka pamoja, wakaenda kujaribu mji wa pili."

Inspekta alimpa picha ya mkono. Msimamizi aliisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Huu ni mkono wa Mpiga Pasi. Siwezi kuusahau. Mdomo wa hiyo pasi ndio ulioubana, na mimi ndiye niliyeumwagia maji." Alishusha picha. Sauti nayo ikashuka. "Maskini, Mungu ampumzishe."

"Ampumzishe?"

"Hukuambiwa? Alifariki huko walikokwenda. Mapafu. Hospitali ilitupigia kwa sababu kadi yake ya bima ilikuwa bado ya kwetu. Tulizima mashine zote, tukasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia ukimya humu ndani."

"Mkono huu ulipigwa picha wiki iliyopita."

Msimamizi alimrudishia picha kana kwamba imemuunguza.

"Haiwezekani, afande."

"Nani kati yenu aliuona mwili?"

"Hatukuwahi. Tuliambiwa ameshazikwa, rafiki yake amesimamia kila kitu. Tukasema Chiriku amefanya jambo la kiungwana."

"Chiriku naye alikuwa na kadi ya bima?"

"Hapana. Chiriku alikuwa kibarua. Vibarua hawakatiwi."

"Kibarua akiugua anafanyaje?"

Msimamizi alizitazama meza za kukunjia. Wanawake walikuwa wakikunja wawili wawili, wakikutana katikati na kuachana.

"Anapewa kadi na mwenzake," alisema. "Kila mtu anajua. Picha kwenye zile kadi hufutika mapema, na pale dirishani wanaangalia namba tu. Anayeugua anaingia kwa jina la mwenye kadi, anatibiwa, anarudi kazini. Mimi nilikuwa nafumba macho, afande. Watu wengi walipona kwa njia hiyo. Hatukuwahi kufikiria…"

"Kwamba siku moja mgonjwa asingerudi."

"Hatukuwahi."

Inspekta alisimama palepale akipanga mambo kichwani. Kwenye karatasi, Mpiga Pasi alikuwa marehemu na Chiriku alikuwa hai. Mashine nayo ilikuwa imekubali. Ilimbidi tu aligeuze jambo zima, kushoto liwe kulia.

"Ile hospitali iliyowapigia," alisema, "ina wadi ya watoto?"

*

Asubuhi ya Alhamisi mvuke ulikuwa umejaa chumba cha kufulia cha hospitali ya mji wa pili. Kabati la maandishi mekundu lilikuwa upande wa dirisha. Mwanamke mwenye kidevu kipana alikuwa akipanga shuka ndani yake. Alimwona Inspekta mlangoni, akaona kitambulisho mkononi mwake, akamalizia shuka aliyoishika.

"Umekuja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nzito kidogo, wala koo halikuwa na tatizo. "Ahsante. Nilikuwa sijui nitaacha vipi."

"Naomba simu yako."

Alimpa. Ilikuwa ya Chiriku. Ile barakoa ilikuwa ukurasa wa kwanza, na chini yake asubuhi zote zilizotumwa.

"Nieleze tangu mwanzo."

"Alianza kukohoa tulipofika. Nikamwambia chukua kadi yangu. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara nyingi, hatukuona jambo. Wakampokea kwa jina langu, wakamlaza. Ulikuwa mwezi ambao mama yake angepasuliwa. Daktari wa mama alikuwa ameonya, mshtuko wowote unamwondoa. Chiriku akanishika akasema, 'Mama asijue mpaka atoke kwenye kisu.' Nikamwahidi."

"Ukahesabu utamficha kwa muda gani?"

"Wiki chache. Upasuaji ukaahirishwa. Ukaahirishwa tena. Mimi nikawa nimeshaingia katikati ya mto."

"Dada yake je? Yeye moyo wake mzima."

"Dada angelia, afande. Mama angemsikia hata kama angekwenda kulilia chooni." Aliteremsha mkono wa shati juu ya kovu. "Mwanzo nilikuwa natetemeka nikivaa ule uso. Baadaye nikazoea. Nikawa naamka nauona, nasema, ah, yuko."

"Unafanya kazi hapa kwa jina gani?"

"Sina jina. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia ndiye aliyenitafutia hivi vibarua. Nikitaja jina langu naambiwa nimekufa."

Inspekta alimrudishia simu.

"Mama amekataa kupasuliwa," alisema. "Upasuaji ni kesho. Anasema haingii mpaka Chiriku aje amshike mkono."

Mpiga Pasi aliketi juu ya rundo la shuka chafu kana kwamba amesukumwa.

"Basi nimemuua na yeye."

"Bado. Leo ni Alhamisi. Habari ya kadi nitaiandika kama ilivyo, na wewe utaijibu. Nitaandika na haya mengine pia. Sasa vua aproni, gari liko nje."

*

Dada aliwangoja kwenye ukumbi wa wadi ya moyo. Inspekta alimweleza yeye kwanza, wakiwa wamesimama, kwa maneno machache. Dada aliinua mkono, na Mpiga Pasi hakuukwepa. Mkono ukabaki hewani, kisha ukamshuka begani.

"Alikuwa peke yake?"

"Hata saa moja hakuwa peke yake."

Dada alimbana bega. "Ahsante," alisema, akamgeukia daktari wa mama aliyekuwa amesimama nao ukumbini. "Ataambiwa. Uongo ulikuwa wa kumfikisha kwenye kisu, sasa ndio unaomzuia."

"Nitakaa mlangoni na muuguzi," alisema daktari. "Semeni polepole."

Mama alikuwa ameegemea mito, nywele zimesukwa vizuri. Alimtazama mgeni, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja.

"Huyu nani? Chiriku yuko wapi?"

Dada alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia. Hakupamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mashine ndogo ya kupimia mapigo iliyokuwa ukutani ikaanza kwenda mbio, muuguzi akapiga hatua moja, daktari akamzuia. Ikaenda mbio, ikaenda mbio, kisha ikaanza kushuka.

"Sogea, mwanangu," mama alimwambia Mpiga Pasi. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alikuwa na kiu?"

"Nilimpa maji kwa kijiko. Kila alipotaka."

"Alisema nini?"

"Mengi. Alisema mpaka muuguzi akamwomba apumzike, naye akaanza kumsimulia muuguzi."

Mama alifumba macho. Machozi yalishuka, na katikati yake kikatoka kicheko kidogo. "Huyo ni wangu," alisema. "Huyo hasa." Alilia kwa muda. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaushika mkono wenye kovu, akauweka kifuani pake juu ya shuka.

"Na wewe, nyumbani kwenu wanajua uko hai?"

Inspekta, aliyekuwa ameuliza kila kitu tangu Jumatano, hakuwa ameuliza hilo.

"Nina baba," alisema Mpiga Pasi. "Dobi walimpelekea habari. Nisingeweza kumwambia nani yu hai na nani amekufa, bila habari kufika huku."

"Analia?"

Mpiga Pasi alitoa simu mfukoni.

"Una namba yake?"

"Nimeishika kichwani."

"Mpigie. Kwa video, akuone."

Simu iliita sana. Kisha mzee mwenye fulana akaonekana, kamera ameiweka karibu mno na pua. Alitazama. Alisogeza simu mbali, akairudisha, mdomo ukicheza.

"Nani anayenifanyia mzaha na uso wa mwanangu?" alisema hatimaye.

"Baba," alisema Mpiga Pasi, akashindwa kuendelea.

Mama alinyoosha mkono, akachukua simu. Aliishika mbele yake kwa mikono miwili, vizuri, ili mzee amwone yeye.

"Mwenzangu, tulia unisikilize. Huyu ni wako, yuko hapa nimemshika, mwili wake una joto. Aliyekufa ni wangu. Binti yako alimuuguza, akamzika, halafu akakaa na mimi kila asubuhi, na wewe ukabaki na kilio changu. Nilikuwa sijui. Ahsante kwa kuniazima."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mzee akikaa chini, na kitu kama kikombe kikianguka.

"Nitakuwa naye kesho tu," mama aliendelea. "Anishike mkono mpaka wanilaze. Nikishalala, Inspekta aliyemleta hapa atamfikisha kwako."

Alimpa Mpiga Pasi simu ili alie na baba yake. Kisha akageuza kichwa kwenye mto, akamtafuta daktari mlangoni.

"Kesho saa ngapi?"